Vifuniko Vitano kwenye Zizi la Maka

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, kijiji cha Hagar Yare, Wilaya ya Garissa.
Jumatano, tarehe 9 Novemba 1966. Yameanza kuandikwa saa tatu na robo asubuhi.

Jina: Maka Barre Ogle
Umri: Miaka hamsini hivi
Kazi: Mfugaji wa mbuzi na muuza maziwa
Makao: Hagar Yare, safu ya tatu kutoka langoni
Lugha: Kiswahili. Shahidi anasema amekijua sokoni Garissa, kwa miaka kumi na tisa ya kuuza maziwa.

Mimi ndimi niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu ya Mwalimu Korane Dagane, ambaye mmemfungia chumba cha nyuma tangu juzi. Nimesikia lori la kumpeleka kizuizini linaondoka leo saa nane mchana. Mwalimu hana hatia. Kosa ni langu, na nitalisema lote. Andika kwa haraka, mwanangu Koplo, jua halitungoji.

Mnamo mwezi wa Mei mwaka huu serikali ilituleta hapa Hagar Yare, tukae pamoja ndani ya ua mmoja wa miiba ili shifta, wale waasi wa msituni, wasipate chakula kwetu. Nilikuja na binti yangu Timiro, miaka kumi na miwili, na mbuzi wangu. Mume wangu alifariki zamani. Shule ilianza mwezi wa Juni, chumba kimoja cha mabati, watoto arobaini na vitabu saba. Mwalimu ni Korane, kijana wa Garissa, kabila letu lakini si ukoo wetu. Timiro, aliyeanza kusoma Garissa, yuko darasa la sita.

Siku moja mwezi wa Agosti, tarehe siikumbuki, ilikuwa Ijumaa baada ya sala, Mwalimu aliwaita wazazi. Alituambia kwamba alipokuwa chuo cha ualimu walipelekwa Nairobi kuiona mashine ya kuhesabu inayoitwa kompyuta. Akasema inajaza chumba kizima, lakini ndani yake inajua mambo mawili tu: ipo, haipo. Jirani yangu Amran akamwambia, "Mwalimu, mashine isiyojua zaidi ya mambo mawili ni mjinga kuliko mbuzi wangu." Tukacheka sana. Mwalimu naye akacheka, akasema, "Kweli, eeddo Amran. Lakini haichoki, na haisahau." Eeddo kwetu ni shangazi. Ndivyo anavyotuita sisi wanawake wazima, hata kama hatuna udugu naye. Kijana ana adabu, wallahi.

Kisha akasema, "Mashine sina, vitabu sina. Nina makopo." Akatuonyesha vifuniko vitano vya makopo ya mafuta ya kupikia, amevitundika kwa waya ukutani. Hivi hapa mezani kwako ni hivyo hivyo. Kifuniko cha kwanza amekitoboa kwa msumari tundu moja. Cha pili matundu mawili. Cha tatu manne, cha nne manane, cha tano kumi na sita. Kila kimoja ni mara mbili ya mwenzake. Upande mmoja unang'aa, upande wa pili umepakwa masizi ya sufuria. Ukigeuza upande unaong'aa, kifuniko kipo, unahesabu matundu yake. Ukigeuza upande wa masizi, hakipo, unakiruka. Basi. Ukitaka tano unang'arisha chenye manne na chenye moja, vingine vyote vyeusi. Akasema hivyo ndivyo kompyuta inavyoweka hesabu, na akataka watoto wetu siku watakapoikuta wasiikute kama wageni. Mimi sijasoma, lakini nilielewa siku hiyo hiyo. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa kama mtu aliyepewa cheo.

Sasa naeleza yaliyonileta. Wewe Koplo ni Mpokomo, ninyi watu wa mtoni mnahesabu maembe yenu mbele ya kila mtu na hayadhuriki. Sisi mbuzi hatuwahesabu kwa mdomo. Mama yangu hakunitajia idadi ya mifugo yake mpaka anazikwa. Ukiitaja, jicho la watu linasikia, na siku ya pili fisi yuko zizini. Mtu akiniuliza, "Maka, una mbuzi wangapi?" namjibu, "Alhamdulillahi, wapo." Akiuliza zaidi namwambia, "Wale wale." Zamani haikuwa taabu. Nilikuwa nawajua kwa nyuso, nilimjua asiyerudi kabla jua halijazama.

Hapa kijijini mambo yamebadilika. Mbuzi wa safu nzima wanatoka pamoja na mchungaji mmoja, mzee Abdille, na wanarudi saa kumi na moja mbio mbio, wamechanganyika, kwa sababu lango linafungwa. Saa hiyo mimi niko mtoni kwenye foleni ya maji, tukilindwa na askari. Anayewapokea ni Timiro. Mwezi wa Septemba mbuzi wangu mmoja, mwenye pembe iliyovunjika, alibaki msituni na Timiro hakujua. Tulikuja kujua siku ya tatu. Nililia kwa ajili ya yule mbuzi, alikuwa na maziwa mengi. Timiro naye alilia, akasema, "Hooyo, mama yangu, ungeniambia wangapi wametoka, ningejua." Nikamwambia, "Nikuambie? Unataka tumalizike?"

Siku iliyofuata mtoto akaja na vifuniko vitano alivyovitoboa mwenyewe. Pembeni mwa kila kimoja alikata alama ya ngamia wa baba yake, ile chapa tunayowachoma shingoni. Akasema, "Asubuhi unawageuzia idadi hapa zizini. Jioni mimi nasoma. Hakuna aliyetamka." Koplo, nilimkumbatia mpaka akapiga kelele. Mdomo umefungwa, na mbuzi wamejulikana! Tangu hapo kila asubuhi nageuza vifuniko, na jioni Timiro anavisoma huku mbuzi wanaingia. Hatukupoteza hata mmoja. Mwalimu hatukumwambia. Timiro aliona haya, aliogopa ataambiwa anachezea masomo.

Vifuniko tulivitundika nje ya mlango wa zizi, vinatazama upande wa malisho. Hapo ndipo tulipokosea. Jua la asubuhi linapovipiga, vinamulika mbali. Sisi hatukuwaza hivyo. Sisi tuliwaza mbuzi.

Jumamosi tarehe 5 Novemba, asubuhi saa kumi na mbili, mbuzi wangu wa madoa alikuwa amezaa mapacha. Nikageuza kifuniko kimoja tu, kile cha matundu mawili, kikang'aa. Nilikigeuza kwa furaha. Jumapili asubuhi lori la posho likapigwa risasi barabara ya Masalani na dereva akaumia mguu. Namwombea afya, naye ni mtoto wa mtu. Lakini mimi nilijua habari hiyo pamoja na watu wengine wote, pale mtoni kwenye foleni.

Jumatatu tarehe 7 Novemba, kama saa tatu asubuhi, walikuja askari wanne wa doria. Mkubwa wao alikuwa na karatasi. Alisema tangu wiki iliyopita ameona mmuliko kutoka zizini kwangu, na kwamba Jumamosi alama ilibadilika, na Jumapili lori likapigwa. Alikuwa amechora miduara mitano, mingine mitupu, mingine ameipaka kalamu. Watu wa safu yetu walikuwa wametoka nje wote wanatazama, labda watu sitini. Akanishikia kifuniko usoni, akauliza, "Hiki ni nini?"

Hapa ndipo ninapojuta. Nilijua nikisema ni hesabu ya mbuzi, ataniuliza wangapi. Mbele ya watu sitini! Nikasema, "Ni mapambo."

Mapambo. Makopo ya mafuta yaliyopakwa masizi. Hata mimi nisingejiamini. Waswahili mnasema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulikataa kusema, ukaponza kichwa cha mtu mwingine.

Wakavichukua. Saa nne na nusu wakapita shuleni wakaviona vya ukutani, vya namna ile ile. Timiro alikuwa darasani na ameniambia yaliyotokea, nami nayasema kama alivyoniambia. Mkubwa wa doria aliviweka vyote mezani, vya shule na vya zizi, akamwuliza Mwalimu, "Nani amevitengeneza?" Mwalimu alikiokota kimoja cha zizini, akakigeuza, akaiona alama ya ngamia pembeni. Akamtazama Timiro. Watoto wote wa darasa la sita wanaijua alama ile, ipo kwenye kibuyu cha maji cha Timiro. Kisha Mwalimu akasema, "Ni vyangu. Vyote ni vyangu. Ni vifaa vya kufundishia."

Akaulizwa, "Vimefikaje zizini?" Akanyamaza. Wakamfunga mikono mbele ya watoto.

Hajasema tangu Jumatatu, na ninyi mnasema ukimya wake ni wa shifta. Si wa shifta. Ni wa mtu asiyetaka mtoto wa miaka kumi na miwili aketi kwenye kiti hiki nilichokalia mimi. Nilipolisikia hilo kwa Timiro sikuweza kula. Tangu aliponisimulia, Timiro hasemi nami. Ananitazama tu. Watu wazima wa safu yetu wananiambia, "Nyamaza, Maka, wasije wakakuchukua na wewe." Amran peke yake ndiye aliyeniambia leo alfajiri, "Mashine inajua ipo na haipo. Wewe unajua mapambo." Nikavaa viatu nikaja.

Umeniuliza, Koplo, utajuaje kwamba sitoi hadithi nyingine kama ile ya mapambo. Swali zuri. Karatasi ya doria unayo mbele yako, imechorwa Jumatatu kabla ya mtu yeyote kukaa na mtu yeyote. Leo mbuzi wangu sikuwatoa malishoni. Wako zizini wanalia njaa, hata mzee Abdille amenigombeza. Timiro yuko shuleni, wanakaa tu bila mwalimu. Mwite peke yake, umpe karatasi aisome. Kisha nenda ukawahesabu mbuzi. Hakuna aliyezaliwa wala kufa tangu Jumamosi.

Umesema hiyo haitoshi mpaka nami niitaje idadi, na iwe kabla hujaondoka hapa, ili isisemwe nimeisikia kwako. Ukasema, "Mama, mficha uchi hazai." Nimekuomba unipe maji kwanza. Nimekunywa. Nimekuomba ufunge dirisha, ukafunga, ingawa kuna joto. Mkononi nina tasbihi ya mama yangu.

Nimeitaja. Umeisikia kwa masikio yako. Ni mara ya kwanza tangu nizaliwe, na sauti haikuwa kama yangu. Kama kuna jicho litakalowapata, liwapate. Mbuzi Mungu hutoa wengine. Mwalimu anayeweza kumfundisha binti wa maskini kompyuta kwa vifuniko vya makopo, huyo sijui nitampata wapi mwingine, si Garissa, si Wajir, si kokote.

Ninaomba mambo mawili tu. Vifuniko virudishwe, vya shule kwa shule. Na ile idadi, kama sheria inaruhusu, isikae kwenye karatasi ambayo kila mtu ataisoma. Kama hairuhusu, basi iandike. Mimi nimeshaisema.

Nimesema niliyoyatenda na niliyoyajua, na niliyoambiwa na binti yangu nimeyatenga. Nimesomewa kwa Kiswahili, nimeyakubali kuwa yangu. Hapo mwanzo ulipoandika "hivi hapa mezani kwako" nilitaka usahihishe, kwa maana vya mezani ni vya shule na vya zizi pamoja. Vyangu ndivyo vyenye alama ya ngamia.

(Alama ya dole gumba la kulia) Maka Barre Ogle
Saa tano kasoro dakika kumi asubuhi.

Maandishi ya afisa:

Mimi, Koplo Jillo Komora, nimeyaandika maelezo haya kama yalivyosemwa. Saa tano na robo nilimwita Timiro, binti ya shahidi, akiwa peke yake, nikampa karatasi ya doria. Aliitazama kidogo tu, akaomba ruhusa aninong'oneze. Saa tano na nusu nilifika zizini na nikawahesabu mbuzi mara mbili, kimya. Idadi ya mtoto, ya mbuzi na aliyoitaja shahidi kituoni ni moja. Kifuniko cha matundu mawili na mapacha wawili nimeviona vyote. Mshukiwa, aliposomewa maelezo haya, aliinama akalia, kisha akakiri kuwa aliitambua alama na akanyamaza kwa sababu hiyo. Kwa idhini ya mkuu wa kituo, aliyesikia yote kwa simu ya upepo, ameshushwa kutoka kwenye lori saa nane kasoro dakika tano.

Idadi ya mbuzi wa shahidi, kuanzia kifuniko cha matundu kumi na sita: ipo, haipo, ipo, ipo, haipo. Mkubwa yeyote atakayeshindwa kuisoma amwulize Mwalimu Korane Dagane. Atampata darasani.

(Sahihi) J. Komora, Koplo