Koko Alikataa Barua, Akataka Sura

Nyalukemba, Bukavu
Jumapili, baada ya misa

Maman wangu mupenzi,

Niambie kwanza: homa imekuachilia? Na Papa, mugongo unamuruhusu kuinama sasa? Huku kwa Tonton, ndugu yako, tuko, Mungu anatuchunga. Tunakula, shule inafunguliwa siku nyingi kuliko zile inafungwa, na mvua imenyesha mpaka njia za Nyalukemba zimekuwa supu. Naandika mbiombio kwa sababu Masera, yule mutawa aliyetuletea kaseti yenu ya video, kesho anapanda ndege ya mizigo kurudi kwenu Kindu, na amekubali kubeba barua hii.

Maman, kaseti tumeiona. Lakini kabla ya kuiona tuliteseka, na nataka kukuambia yote, hata yale ambayo kwa mudomo singeweza. Unanijua. Mbele ya karatasi ndiyo ninapata ulimi.

Tangu vita ifunge barabara, watu wa Nyangezi wamemwambia Koko, mama yako, maneno mengi juu yako. Mwanamume mumoja aliyetoka porini alimuapia kwamba watu wa mtaa wenu wote walikwisha kufa. Tonton alimusomea barua zako. Koko akasikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono: "Karatasi haina sauti. Mutu yeyote anaweza kuandika eti iko muzima." Basi aliposikia kwamba kuna kaseti ambamo wewe mwenyewe unasema, aliacha maharagwe shambani akaja, sehemu kubwa ya njia kwa miguu.

Shida ni macho yake. Yana wingu siku hizi. Jirani alituazima televisheni yake ndogo ili tujaribu, Koko akaikaribia akasema: "Naona nzi wanatembea." Kwa hiyo tumaini lilibaki kwa televisheni ya Tonton, ile ya projection, kubwa kama kabati, ambayo mukubwa wake wa kazi alimwachia alipokimbia vita. Picha yake inatoka kwa ampoule, taa kali iliyo ndani, upande wa nyuma. Ampoule ile ilikuwa imechoka, picha ikawa giza kama jioni ya mvua, na Tonton akaagiza ingine Kampala. Ikafika wiki hii hii. Tulisema ni Mungu.

Sasa lazima ujue desturi ambayo vita imetufundisha. Huku kila nyumba inaficha roho ya vyombo vyake. Jirani yetu, kila jioni anatoa bujia, ile plagi ya kuwashia pikipiki, anaitia ndani ya soksi. Waporaji wakija wanakuta kitu kimekufa, wanatukana, wanakiacha. Tonton naye, alipoweka ampoule mupya, hakurudisha kile kifuniko kidogo cha nyuma. Alisema visi zake, zile skrubu, zinachelewesha. "Wakigonga mulango, nachomoa ampoule, naitia mu mufuko, na babebe sanduku!" Akacheka sana.

Ijumaa mchana courant, yaani umeme, ikarudi. Tulimukalisha Koko kwa kiti kizuri, amevaa kitenge cha misa. Tonton akabonyeza. Taa nyekundu ikapepesa, kitu kikapumua ndani mara moja, kimya.

"Ameshafika?" Koko akauliza.

"Bado, Mama. Inapata moto kwanza."

Akabonyeza tena. Vilevile. Akabadilisha prizi, akaondoa régulateur, kile chombo cha kutuliza umeme, akachomoa ampoule na kuirudisha mpaka mwisho. Kimya. Kisha akakumbuka kwamba mke wake, Tantine Béa, ndiye aliyeifungua kutoka kwenye kartoni yake.

"Uligusa kioo! Vidole vyako vya mafuta!"

"Vidole hivi ndivyo vinakulisha, papa."

Akaipangusa kwa pamba na alikoli, taratibu, kama kidonda cha mutoto. Hakuna kitu. Basi akawageukia watu wa Kampala, eti wamemupiga, wamemutumia ampoule ya bandia. Akarudisha ile ya zamani, ambayo juzi tu ilikuwa inaonyesha, hata kama ni giza. Nayo ikakataa! Tonton akaketi chini kwenye sementi. "Mashini imekufa," akasema.

Koko akasimama, akatafuta fimbo yake. "Nilijua. Hata mashini inakataa kunidanganya. Kesho narudi Nyangezi nimulilie mutoto wangu vile watu wanalilia watu wao."

Na kesho yake kaseti ilikuwa inangojewa mtaa wa Kasha, kwa familia zingine zenye watu huko kwenu.

Mimi nilikuwa nyuma ya rido, lile pazia la mulango. Nilikuwa na wazo. Kama ampoule mupya inakataa, na ya zamani iliyokuwa inafanya kazi inakataa pia, basi kosa haliko kwa ampoule. Sentensi yote ilikuwa tayari kichwani, kwa Kifaransa kama mbele ya mwalimu, kisha kwa Kiswahili, na hakuna hata moja iliyokubali kutoka. Lakini ile haya yangu haikuwa sababu yote. Tangu mvua za mwaka jana, nikifunga macho nikutafute, inakuja ile foto ya kitambulisho chako. Wewe hauji. Niliogopa televisheni itawaka na mimi nitaangalia mwanamuke nisiyemujua, mbele ya watu wote. Iliponyamaza, kipande kimoja cha moyo wangu kilipumua. Nisamehe.

Kisha nikamusikia Koko uani anaomba kitambaa cha kufungia viazi vya njiani. Hapo miguu yangu ikaenda yenyewe mpaka jikoni. Nikanong'ona: "Tantine, zamani ilikuwa na kifuniko nyuma. Sasa haina. Labda ndiyo sababu."

Tantine akamuita Tonton kwa kelele mpaka barabarani: "Papa Ghislain! Mapendo anasema televisheni yako inaona haya, iko uchi!"

Wakacheka wote. Nilitaka ardhi inimeze.

"Ni plastiki tu ile," Tonton akasema. "Plastiki inaleta courant?" Lakini akachukua tochi. Pembeni ya lile tundu la kifuniko akaona kidude kidogo kama kifungo cha shati. Akakisukuma kwa kalamu, kikasema ka! "Eh! Inangojea mulango ufungwe! Haikubali kuwaka wazi, mutu asije akatia mukono ndani ya moto." Akatutazama. "Kifuniko kiko wapi?"

Tantine aliangalia kabati la vyakula. Kifuniko kilikuwa juu ya chungu cha maziwa.

"Béa! Kitu cha Wajapani juu ya maziwa!"

"Ulikiacha mu meza yangu. Mu nyumba hii, kitu cha kufunika kinafunika."

Tukakiosha, tukakikausha, Tonton akafunga visi kwa ncha ya kisu. Akabonyeza. Ikapumua, na safari hii ikaendelea kupumua. Kioo kikawa kijivu, kikawa bluu, kisha wewe.

Hukujua kwamba wameshaanza kukupiga picha. Ulikuwa unafunga kitambaa cha kichwa, ukamugeukia mutu pembeni: "Ngoja kwanza, wewe naye!" Koko akaruka kutoka kitini. "Njo yeye! Ni yeye! Tangu utoto, ngoja kwanza, ngoja kwanza!" Akatembea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Ukamusalimia kwa lugha yetu ya Mashi, akaitika, lakini wewe ukaendelea kusema. Akakasirika: "Mbona hangojei nijibu?" Basi Tonton akawa anasimamisha kaseti kila unaposalimia, Koko anajibu kwa nafasi yake, tunaendelea.

Halafu ukauliza: "Na Mapendo wangu, uko?"

Tonton akasimamisha. Maman, mimi nisiyeinua kidole darasani, nilisema "Niko, Maman!" kwa sauti ambayo jirani aliisikia. Nilikutambua. Umekonda, lakini ni wewe, na ile foto haijarudi tena.

Musalimie Papa, musalimie mudogo wangu anayekataa kula muhogo, na mama jirani anayekuchotea maji ukiwa na homa. Tonton na Tantine wanawasalimu kwa mikono miwili.

Salamu ya Koko naandika peke yake. Leo kabla ya misa alimufuata padri. Tulidhani anaomba baraka ya safari. Kumbe huko Nyangezi alikuwa ameshakuandikisha kwa orodha ya marehemu wa kuombewa, jina lako linasomwa misani kila mwezi, na hakutuambia. Alitaka padri huyu amwandikie mwenzake wa Nyangezi akutoe humo.

Padri akamuuliza: "Na sasa tumuweke wapi, Mama?"

Koko akafikiri. "Kwa wale wako njiani kurudi."

Binti yako,
Mapendo