Kiwanja Chetu cha Maua Nyuma ya Shule

Dada yangu mpendwa Mwanamisi,

Tangu ulipoolewa ukahamia Vanga, kile kiwanja chetu cha maua ya mwitu nyuma ya shule nimekitunza peke yangu. Leo nina habari ambayo siwezi kuikalia mpaka uje Idi.

Unakumbuka ulivyogombana na kina mama waliokuja humo kuchuma mchunga? Wewe uliutaka kwa maua yake ya manjano, wao waliutaka kwa mboga. Jirani yetu Mama Riziki akakuuliza, "Kwani maua huliwa kwa sima?" Ulicheka mpaka ukaketi nyasini. Siku hiyo mkapatana: wachume majani machanga, na shina lililokwisha kuchanua waliache lizae mbegu. Nami ulinifundisha kufyeka upande mmoja tu kila msimu, ili vipepeo wapate pa kukimbilia.

Basi wiki iliyopita mwalimu mkuu alitangaza kwamba kiwanja kitafyekwa chote na kufagiwa mpaka mchanga uonekane. Wazazi wanakuja, alisema, na mahali safi ni pale pasipo na hata jani. Nilimfuata ofisini. Mimi, dada, ninayejificha nyuma ya kitabu wageni wakibisha hodi! Akanijibu, "Kama kuna anayekihitaji, waulize wazazi wenyewe."

Siku ilipofika nikasimama mbele yao. "Shikamooni" ilitoka, kisha sauti ikakauka. Mama Riziki akapaza yake kutoka nyuma: "Sema, mwanangu! Sisi hatuli watu, twala mchunga!"

Wote wakaangua kicheko, nami nikacheka, na maneno yakaja. Nikawaeleza habari za vipepeo, za ndege chozi wanaofyonza maua, za mbegu, na za mapatano yenu. Nilipouliza nani anataka kiwanja kibaki, kina mama walinyoosha mikono yote miwili. Mwalimu mkuu akatabasamu, akawaambia wavulana warudishe mafyekeo stoo.

Nilitamani mno ungekuwepo! Asubuhi hii mchunga umechanua kote, na vipepeo weupe walijaa hata sikujua nikanyage wapi. Mama Riziki akafika na kikapu chake, akaniuliza, "Haya, mwenye shamba, leo tuchume upande gani?"

Nikamwonyesha, dada, bila kuinamisha macho.

Nisalimie shemeji. Mwenyezi Mungu awajaze heri nyumbani kwenu.

Ni mimi, mdogo wako uliyeniachia maua.