Aliposema "Acha", Nilicheka

Shangazi Wamaitha mpendwa, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana ndoa yangu inavunjika na hapa ugenini Rågsved sina wa kumwambia, kanisani wote ni ndugu wa mume wangu.

Tulitoka Kongo kwa ajili ya vita, mimi Bukavu na yeye Uvira, tukaoana hapahapa na tuna binti mmoja, Heshima. Mwenzangu wa kazini, mama wa Kiswidi anayeitwa Gunvor, alinialika kwenye klabu yao ya kulenga shabaha kule Sundbyberg, akasema wana jioni ya wanawake ambao hawajawahi kugusa bunduki, nikamjibu bunduki nilizoziona zinanitosha, akanibembeleza nije kunywa kahawa tu, basi nikaenda, nikakaa karibu na mlango, koti sijavua, ndipo Gunvor akapaza sauti, "Eld upphör!", yaani acheni kupiga, na kila bunduki ikawekwa chini, ikafunguliwa, ikaonyeshwa kuwa haina kitu. Akaniambia hata mgeni akiona hatari anaruhusiwa kupaza neno hilo na wote watatii. Shangazi, nililia. Sikujua kama bunduki inaweza kumtii mwanamke.

Baadaye nikashika mwenyewe, ile ya hewa ya kutoboa karatasi, kumbe mkono wangu umetulia, na nikitoka huko nalala vizuri kuliko zamani. Ila nyumbani nilidanganya, nikasema naenda mazoezi ya kwaya, kwa sababu Baba Heshima hataki hata filamu yenye risasi. Wenye silaha walipoingia kwao, baba yake alilia "acheni, acheni" na hawakuacha.

Juzi nilikuwa sebuleni na ufagio begani, najizoeza kusimama, mume wangu akaingia. "Acha! Weka chini, Mama Heshima, acha!" Binti akacheka, "Men pappa, det är bara en kvast," nami nikacheka, nikamwambia kweli, ni ufagio tu, nikaendelea kulenga dirisha, na katika utani huo nikaropoka habari za klabu. Alichukua koti lake akatoka. Sasa analala kwa mdogo wake kule Jakobsberg, anasema nichague, bunduki au yeye, na Jumapili atanipeleka mbele ya mchungaji. Jumamosi ndiyo mashindano yangu ya kwanza, na Gunvor anataka nilete dada zetu wengine. Niende au niache?

Mama Heshima, Rågsved

Mama Heshima, pole sana, halafu tulia nikugombeze.

Kulenga shabaha si dhambi. Mwanamke aliyekimbia bunduki ana haki ya kuishika mahali penye sheria, aone kuwa ni chuma tu, na mchungaji akitaka ubishi kuhusu hilo nipe namba yake. Dada zangu mnaosoma, jioni kama hizo nendeni, hata kama mtakaa mlangoni tu.

Lakini kwaya, mama? Uliwaimbia nani huko?

Na kibaya zaidi si kwaya. Klabuni neno likipazwa, hakuna anayeuliza kama bunduki imejazwa. Ndicho kilichokuliza. Nyumbani kwako neno hilohilo lilipazwa na mtu ambaye baba yake alililia bure, na wewe ukacheka ukaendelea kulenga. Unafikiri siku ile aliuona ufagio?

Basi fanya hivi. Mwambie Gunvor kwamba Jumamosi hushindani; mashindano hayaishi. Siku hiyo panda treni uende Jakobsberg mwenyewe, usipige simu na usimtume mtu. Usianze na klabu. Omba msamaha kwa kicheko, kisha kwa kwaya, ndipo umsimulie kilichokutoa machozi na umwalike aje kukaa pale mlangoni ulipokaa wewe. Akikataa, usimburute. Mwombe aende kituo cha afya akazungumze na wanaotibu hofu za vita, kwa sababu hofu yake ni ugonjwa wa kutibiwa, si amri ya kukufungia ndani. Klabuni utarudi, lakini utatoka nyumbani ukitaja jina la mahali unapokwenda.

Na akikufungulia mlango, usianze kujitetea. Unajua inavyofanywa: weka chini, fungua, mwonyeshe kwamba ndani hamna kitu.