Walipoimba, Niliandika Wamekubali

Mme Disebo, mama yetu mpendwa,

Nakuja kwenye safu yako ya ushauri kwa sababu sina pengine pa kwenda, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza, na majina nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, katibu wa kamati ya kata katika mji mdogo huku Free State, na mwanangu wa pekee, Katleho, yuko gerezani. Alivunja duka na wenzake akafungwa miaka minane, alikosa na simtetei, lakini wamempeleka mbali mno, huko pwani, mabasi matatu kwenda na matatu kurudi, na kwa miaka mitatu nimemwona mara mbili tu, na hiyo mara ya pili alikuwa ameota ndevu nikampita nikimtafuta Katleho wangu kwenye viti vya nyuma.

Sasa hapa mjini tuna gereza la zamani la serikali, na kampuni binafsi inataka ikabidhiwe, ilipanue liwe kubwa mara sita na kuliendesha kwa miaka ishirini na mitano, na kwa kuwa wananchi lazima waulizwe kwanza, ukaitishwa mkutano wa maoni ukumbini na mimi ndiye niliyekuwa naandika kumbukumbu. Mme, nakuambia ukweli wa Mungu, niliposikia gereza kubwa linakuja sikusikia kingine, nilishamwona Katleho wangu pale ng'ambo ya barabara, nampelekea sabuni Jumapili nikitoka kanisani.

Mtaalamu wa kampuni, bwana Lourens, akaonyesha picha zake ukutani, akasema weee, kazi, vitanda, kazi, vitanda, na alipofika pale kwamba serikali italipia kila kitanda hata kikiwa kitupu, Nkgono Puseletso, bibi jirani yangu, kiongozi wa akina mama wa kanisa, akasimama akaanzisha wimbo. Wewe ni wa huku, unajua maana yake. Sisi msemaji akituchosha hatumtukani, mmoja anaanzisha wimbo, ukumbi wote unasimama unaitikia mpaka mwenyewe akae. Lakini bwana Lourens ametoka mbali, akatabasamu, akapiga makofi kabisa akifuata mdundo, kisha akaniinamia akaniuliza, "Mama, mbona wanaimba?"

Nami nikamjibu, "Wamefurahi, bwana."

"Safi sana! Basi liandike hilo."

Nikaliandika. Jamii iliupokea mradi kwa nyimbo na shangwe. Maneno hayo sasa yamo kwenye ripoti ya kampuni na kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni pa manispaa, na juzi Nkgono, ambaye maandishi madogo hayaoni tena, alinishika mkono pale mlangoni akasema, "Binti yangu, hebu nisomee, wamesema nini kuhusu sisi?" Nikamsomea tangazo lote nikairuka ile sentensi. Akaniambia, "Ahsante mwanangu, wewe ndiye macho yetu." Mme Disebo, huyu ndiye aliyekuwa akiniletea uji wa mtama kila asubuhi wiki aliyohukumiwa Katleho, wakati wengine walikuwa wananichungulia kwenye mapazia.

Jumamosi ijayo kuna mkutano wa pili, kumbukumbu zitasomwa zipitishwe, na msomaji ni mimi. Nikinyamaza, huenda nikampata mwanangu. Nikisema kweli nampoteza, na juu ya hayo watu wataniimbia na mimi nikae, na sijui nitapita barabara gani baada ya hapo. Nifanyeje?

Mama K., Free State

*

Mama K.,

Bwana Lourens alipopiga makofi nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini. Halafu nikafika kwa Nkgono na tangazo lake, kicheko kikanikauka. Aibu, mama! Bibi anakukabidhi macho yake, na wewe unachagua aone nini.

Pole nitakupa, maana nami nimewahi kusimama kwenye foleni ya geti la gereza nikiwa na sabuni mkononi, kwa ajili ya kaka yangu, na najua mtu anavyoweza kuota geti likisogea. Lakini niambie, nani alikuahidi kwamba Katleho ataletwa hapo? Barua yako nimeisoma mara tatu, sioni ahadi. Idara ya magereza ndiyo inayopanga mfungwa alale wapi. Kampuni inapewa watu, inajaza vitanda, basi. Umeitoa sauti ya mji mzima kwa kitu ambacho hata hukuahidiwa.

Na jambo lingine, usinikasirikie. Gereza la serikali si lipo hapo hapo, ng'ambo ya barabara, leo hii? Umeomba Katleho ahamishiwe humo? Hujaomba. Ungekuwa umeomba ungeniambia, maana umeniambia mpaka habari za ndevu. Basi wiki hii andika barua kwa mkuu wa gereza alipo mwanao, eleza ni mabasi mangapi, eleza umemwona mara ngapi, na Katleho naye aombe kwa ofisa wake huko ndani. Wakikataa, omba tena. Kaka yangu alihamishwa kwa barua ya nne.

Sasa Jumamosi. Wewe ni katibu, unajua utaratibu kuliko mimi. Kumbukumbu zikishasomwa, mwenyekiti atauliza kama kuna masahihisho kabla hazijapitishwa. Kila mkutano anauliza, na kila mkutano watu wanatazama saa. Safari hii nyoosha mkono wewe. Sema, "Mwenyekiti, pale nilipoandika shangwe, niliandika uongo. Watu waliimba ili msemaji akae." Iwe imeandikwa na kutiwa sahihi yako, nakala moja umpe diwani, moja mwenyekiti, moja bwana Lourens mkononi. Ripoti yake imesimama juu ya sentensi yako, na ukiiondoa itabidi arudi kuwauliza upya.

Usikae bado. Sema na lako: "Mimi nina mtoto gerezani, namtaka karibu." Hilo si dhambi! Mkutano wa maoni umewekwa kwa ajili ya maneno kama hayo, na katika kumbukumbu zako zote neno lako mwenyewe halimo. Halafu muulize bwana Lourens maswali ambayo kila mama hapo angeyauliza. Watoto wetu walio mbali, wangapi wataletwa hapa? Na kitanda kikilipiwa kikiwa kitupu, nani atakuwa na haraka ya kumtoa aliyemo?

Nanyi waimbaji, mkiwa mnasoma hapa, nawapenda, lakini wimbo ulimkalisha mtu wala haukumjibu. Wapo vijana ukumbini humo wanaozitaka hizo kazi, wapo askari wa gereza la zamani wanaoogopa kupoteza zao, na wote waliondoka na maneno yao mdomoni. Jumamosi waacheni waseme.

Mama K., kabla ya Jumamosi una safari moja fupi. Pita kwa jirani yako asubuhi, mshike mkono mpaka pale mlangoni pa manispaa, umsomee tangazo lote, na ile sentensi usiiruke. Atakugombeza, utalia, mtarudi nyumbani. Nadhani uji utakuwepo.

Na siku yenyewe wakikuimbia, kaa chini kama mtu mwingine yeyote. Wimbo ule una beti nne tu, sote tunaujua. Ukiisha, simama tena.

Mme Disebo