Mishale Mitano

Qurus, Jumapili

Kaka Vedasto,

Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nampa Lomayani, dereva wa basi la Arusha, akukabidhi mkononi. Huku mvua imenyesha, maharage yamekubali, na ng'ombe wako mwekundu amezaa dume.

Sasa nisikilize, maana mmenichosha nyote wawili. Mtu mzima na ndevu zako unanuna miezi minane kwa sababu ya silaha ya kwenye mchezo wa mezani, wa hadithi ya kubuni na kete tu. Ndiyo, upinde wako wa mtambo unafyatua mishale mfululizo. Lakini mwongoza mchezo ni Baba, na alisema ikiisha mitano unapoteza zamu moja kuujaza. Ulitaka kumi, akakataa, ukafunga begi ukaondoka bila kuaga.

Naye Baba si afadhali yako. Mpiganaji unayemchezesha bado amesimama darajani mbele ya joka, na Baba haturuhusu kuvuka bila yeye. Mimi na mdogo wetu Penina tumeganda hapo tangu Pasaka.

Tangu Pasaka hiyohiyo mkono wa kulia wa Baba hauinuki. Kete anarusha kwa wa kushoto. Alinikataza kukuandikia.

Jana nilifungua daftari lake la sheria. Kwenye upinde wako amekata tano, akaandika kumi, mwandiko umepinda kama wa mtoto wa chekechea. Nilipomuuliza, akaniambia nirudishe daftari mahali pake.

Njoo. Ukifika usimshukuru, utaharibu. Kaa kwenye kiti chako, upige mshale wa sita.

Ni mimi dada yako niliyechoka,
Laurencia