Wachumba Wawili, Mama Mmoja

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika. Huku Kasense tu wazima, bibi yako anapeta ulezi.

Unauliza kama ung'ang'anie kompyuta zenu za kazini zimwonyeshe mtu maneno aliyonakili kabla hajayabandika pengine, wakati wenzako wanataka haraka tu.

Ujanani nilinakili vyeti vya ubatizo parokiani. Siku moja wachumba wawili walitaka vyeti, nami kwa haraka nikarudia jina la mama wa kijana kwenye cheti cha binti. Padri akasimamisha ndoa, akidhani ni ndugu. Nilikwenda kwa miguu hadi kwa wazazi wa pande zote mbili kuomba radhi.

Ng'ang'ania. Wakilalamika kwamba unawapotezea sekunde moja, waambie babu yako aliiokoa sekunde hiyohiyo, na bibi harusi akalia wiki nzima.

Babu yako