Kanga Iliyokatwa Kiunoni mwa Justa

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa Mhunze, Wilaya ya Kishapu, Jumatatu tarehe 16 Septemba 2024, kuanzia saa 4:10 asubuhi.

Jina: Paskalina Bujiku. Umri: miaka 79. Kazi: mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, sasa mshonaji. Dini: Mkristo. Makazi: Mhunze.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeletwa kwa bajaji na mdogo wangu Martina. Sajenti Yasmini amenionya kuwa silazimiki kusema neno la kunitia hatiani. Nimemjibu kuwa daktari ameshaniambia muda wangu si mrefu, na kwamba Amosi, mlinzi wa ukumbi, yuko mahabusu kwa jambo nililolitenda mimi.

Nashona mapambo ya ukutani kwa vipande vya nguo, juu ya kitambaa cha marekani. Mwaka huu kikundi cha akina mama kiliniagiza mapambo matatu ya ukumbi wao, kila moja la mwanamke aliyefanya jambo kubwa. Sharti langu ni moja tangu nianze kazi hii: anayeshonewa anatoa nguo aliyoivaa siku ya jambo lake, nami naishona mwilini mwa picha yake. Mkunga alitoa aproni. Mama wa Maganzo aliyesomesha yatima kwa biashara ya almasi alitoa kitenge. Wa tatu ni Justa, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, upande wa Geita. Machi 2021 duara lake liliporomoka, naye akavuta kamba pamoja na wanaume mpaka wachimbaji wanne wakatoka hai.

Mwezi Julai Justa alikuja kwangu na kanga nyekundu. Alisema alijifunga kiunoni siku ile akivuta kamba. Nilimuuliza aliinunua wapi, maana napenda kujua. Akacheka.

"Niliikuta imetundikwa kwenye mti wa roda, Mwalimu. Siku ile nani angeuliza kanga ni ya nani?"

Kesho yake nikaanza kufumua pindo. Uzi ulikuwa mweusi. Mimi nashona kwa mkono wa kushoto, na mshono wangu hulala kinyume na wa watu wengine. Pindo lile nililishona mimi. Ni doti niliyoinunua Krismasi ya 2020, nikaikata, nikapinda vipande vyote viwili kwa uzi mweusi kwa kuwa mwekundu uliniishia. Kimoja nilimpa Martina. Kingine nilimpa binti yake, Mbuke, aliyekuwa akiwapikia wachimbaji wa Justa.

Baada ya duara kuporomoka tuliletewa habari kwamba Mbuke ameondoka na dereva wa lori, yuko Kahama. Tuliamini. Martina alikasirika, akaapa hatamtafuta. Mpaka leo husema, "Akirudi atanikuta na fimbo mlangoni." Fimbo yenyewe aliichonga. Ipo.

Nilifundisha upande wa Geita miaka mingi na najua desturi za kule. Anayeshuka duarani huvua nguo ya juu na kuitundika kwenye mti wa roda, ule unaobeba kamba mdomoni mwa shimo, ili aikute kavu akipanda. Najua pia kwamba wengi huamini mwanamke akishuka, dhahabu hukimbia. Duara lililoshusha mwanamke likaporomoka, mwenye nalo hapati tena mtu wa kumchimbia.

Nilimpigia Justa simu. Nikamuuliza mpishi wao alikuwa wapi siku ile. Akasema, "Mwalimu, wewe shona. Aliyekwenda Kahama tusimtafute kwenye kitambaa."

Nikashona. Naomba hilo liandikwe kama nilivyolisema. Justa sikumwogopa. Niliogopa kumwondolea mdogo wangu ile fimbo. Tena nilijua hii ndiyo kazi yangu ya mwisho, na nilitaka itundikwe. Nilimshona Justa amekaza kamba, vichwa vinne vikitokeza ardhini, na kanga ya Mbuke kiunoni mwake.

Ijumaa tarehe 13 Septemba, saa tisa alasiri, nilikwenda ukumbini. Mlinzi ni Amosi, niliyemfundisha darasa la tano. Nilimwambia kuna uzi umelegea, akanifungulia, akaenda kuniletea maji. Nilikata kanga yote kwa mkasi wangu na kuitia kwenye mkoba. Aliporudi aliliona tundu.

"Mwalimu, kesho watauliza."

"Nitawajibu mimi," nilimwambia.

Jumamosi mapambo yalizinduliwa, na pazia lilipofunguliwa watu walisimama kutazama. Justa alikuwa katikati ya wageni. Alilitazama tundu, kisha akanitazama mimi. Mwenyekiti wa kikundi akauliza nani alikuwa na funguo. Amosi alisema ni yeye aliyefungua mlango na hana la kuongeza. Wakamshika mkono kumpeleka polisi. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, Martina kando yangu akininong'oneza, "Dada, mtu gani anaweza kuichukia kazi yako hivi?" Amosi alipita karibu na magoti yangu akaniamkia shikamoo kama siku zote.

Kanga hii hapa, naikabidhi. Naomba Amosi aachiwe leo, na duara lile lifukuliwe, maana naamini Mbuke alishuka na hakupanda.

Martina amekaa kwenye benchi nje. Anadhani nimekuja kumdhamini Amosi. Naomba nimwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Nimesomewa niliyoyasema, na ndivyo nilivyoyasema. Haya ni maelezo yangu, sina mengine.

Sahihi: P. Bujiku

MAELEZO YA MWANDISHI: Mimi Sajenti Yasmini nimeyaandika haya kwa mkono wangu. Shahidi alipumzishwa mara mbili kwa sababu ya pumzi. Nimepokea kanga moja nyekundu, pindo la uzi mweusi, upande mmoja limefumuliwa. Shahidi aliomba atoke nayo amwonyeshe mdogo wake. Nilimweleza kuwa kielelezo hakitoki kituoni, nikaenda mwenyewe kumwita ndugu huyo ndani. Nilimkuta amejitanda kanga nyekundu, pindo la uzi mweusi. Alipofika mlangoni aliiona iliyo mezani kabla dada yake hajafungua mdomo. Aliniuliza mimi, "Yuko wapi aliyeivaa?"